Kuisoma upya Mortal Engines ukubwani: sura nilizokuwa nikizikimbia ndizo zinazobeba kitabu

#1 Kurasa Chakavu (mleta uzi)

Wadau, natanguliza tahadhari: uzi huu unafichua mwisho wa riwaya pamoja na baadhi ya mambo ya vitabu vinavyoifuata, kwa hiyo anayekusudia kuisoma kwa mara ya kwanza ni afadhali aupitie baadaye.

Mortal Engines ya Philip Reeve ilichapishwa mwaka 2001. Niliisoma nikiwa na umri uliokaribiana na wa Tom Natsworthy, mwanagenzi wa miaka 15 katika Chama cha Wanahistoria cha London, na nimeirudia sasa nikiwa na umri unaomkaribia Thaddeus Valentine kuliko ambavyo ningependa. Kwa waliosahau, kisa kinatokea maelfu ya miaka baada ya Vita vya Dakika Sitini kuuangamiza ustaarabu wetu. Miji imewekwa juu ya magurudumu na minyororo ya chuma kama ya vifaru, inazunguka katika nyika ya matope iliyokuwa Ulaya, na inawindana. Mji mkubwa hukimbiza mdogo, huunasa kwa mataya yaliyo mbele yake, huuvuta tumboni na kuuchambua: mbao huku, chuma kule, mafuta kando, na wakazi wake hupangiwa kazi na makao katika matabaka ya chini, yaani ghorofa za chini za mji. Mfumo huo una jina la kisomi, Udarwini wa Miji, na watoto wa London hulelewa wakiuona kuwa kanuni ya maumbile. Kwa lugha ya kawaida ni mwenye nguvu mpishe, isipokuwa hapa hata ukimpisha anakufuata.

Nilichokuwa nakikumbuka miaka yote hii ni upande wa safari. Tom anamwokoa Valentine, mtafiti mashuhuri anayemhusudu, asichomwe kisu na msichana mwenye uso uliopasuliwa kwa upanga. Anamkimbiza msichana huyo, Hester Shaw, na kabla hajajirusha kwenye shimo la taka anamsikia akisema kwamba Valentine ndiye aliyemharibu uso. Kwa sababu tu amelisikia jina la msichana, Valentine anamsukuma naye atumbukie. Kuanzia hapo ni mbio: mji mdogo unaotaka kuwauza utumwani, kitongoji cha maharamia ambacho mkuu wake ana kiu ya kufunzwa adabu za kiungwana, Airhaven inayoelea mawinguni, Anna Fang na meli yake ya angani Jenny Haniver, na nyuma yao Shrike, maiti iliyofufuliwa kwa mitambo, ikiwafuata bila kuchoka. Upande huo haujachuja hata kidogo, na sina la kuongeza juu yake.

Upande wa pili ndio ulionishangaza safari hii. Katherine, binti wa Valentine, anabaki London, na sura zake zinapishana na za Tom na Hester. Nilipokuwa kijana nilizipitia haraka ili nirudi matopeni walikokuwa wale wawili, kwani ndani ya mji hapakuwa na maharamia wala milipuko. Alikuwapo tu msichana wa tabaka la juu, lenye bustani na mwanga wa jua, akiuliza swali moja dogo: yule msichana aliyetaka kumuua baba yangu ni nani, na ana kisa gani naye?

Swali hilo linamteremsha tabaka baada ya tabaka. Ili apate shahidi anamhitaji Bevis Pod, mwanagenzi wa Wahandisi aliyekuwa karibu na lile shimo usiku ule, na ili ampate Bevis analazimika kushuka hadi kilindi cha tumbo la mji, wanakofanyishwa kazi wafungwa. Huko anawakuta watu wamezama katika mashapo ya vyoo vya London nzima, wakichota kinachoweza kutumika tena. Msimamizi anamweleza kwa fahari ya mtu ambaye ofisi yake inakwenda vizuri kwamba uchafu huo unageuzwa pia kuwa chakula cha wafungwa wenyewe, kwa kuwa Wahandisi hawapendi chochote kipotee. Anayekufa naye hapotei, kwani maiti yake hupelekwa kwenye maabara ambako Wahandisi wanajifunza upya kutengeneza askari wa aina ya Shrike. Reeve haandiki sentensi hata moja ya kuhubiri katika kurasa hizo. Anamwacha msimamizi aongee, na msomaji amtazame Katherine akisikiliza katika nguo zake nzuri, huku akianza kuelewa kwamba bustani ya kwao inamwagiliwa kutoka huku chini.

Baadaye Magnus Crome, Mhandisi anayeutawala mji, anamweleza Katherine mpango wake. Anajua kwamba miji ya kuwinda inakwisha. Basi London itaivunja miji yote iliyosalia, kisha itayameza makazi yaliyosimama, kisha itaanza kuchimba ardhi yenyewe. Itaiendesha dunia nje ya njia yake kwa nguvu ya joto la kiini chake, itazila Mirihi na Zuhura, na mwishowe jua. Kijana niliyekuwa mimi aliyaona hayo kuwa maneno ya mwovu aliyerukwa na akili, kama ilivyo desturi ya waovu wa hadithi za vijana. Ukubwani naiona hesabu tu, na hesabu yake haina kosa: chombo kinachoishi kwa kumeza lazima kitafute cha kumeza, na Crome ndiye mtu pekee katika London nzima aliyeipeleka hesabu hiyo mpaka mstari wake wa mwisho. Wengine wote, pamoja na Tom, wameisimamisha mahali panapowafaa.

Hoja yangu basi ni hii: safari ya Tom na Hester ndiyo inayotuvuta tusome, lakini uzito wa riwaya uko kwa Katherine. Ukiziondoa sura zake, kinachobaki ni kisa kizuri cha kulipiza kisasi chenye mandhari ya ajabu. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuirudia.

#2 Injini Moto

Mleta uzi, nakubaliana na mengi, ila naomba tuliweke sawa jambo moja kabla uzi haujarefuka. Kitabu hiki huwekwa kwenye rafu ya stimpanki (hadithi za kubuni zenye mashine za zama za mvuke) kila mahali, nami sioni kama kinastahili kuwa hapo. Jina hilo lilitolewa na K. W. Jeter katika barua iliyochapishwa na jarida la Locus mwaka 1987, akitafuta namna ya kuzitaja kwa pamoja kazi zake na za wenzake wawili, Tim Powers na James Blaylock, ambazo zote zilichota kutoka Uingereza ya zama za Malkia Victoria. Msingi wake ulikuwa ni kuirudia karne ya 19 na kuipotosha kidogo. Reeve hairudii karne ya 19 hata kidogo. Anakwenda mbele maelfu ya miaka, ambako vitu vyetu sisi vimekuwa mabaki ya makumbusho, na sanamu za Mickey na Pluto, wale wanyama wa katuni za Disney, zinahifadhiwa kwa heshima kama miungu yenye vichwa vya wanyama ya Marekani iliyopotea. Huko ni baada ya kiama.

#3 Msafiri wa Rafu

Ndugu Injini Moto, kwa kipimo cha kalenda uko sahihi. Kwa kipimo cha nasaba sidhani, kwa sababu mji unaotembea una babu zake, na babu hao ndio haohao ambao stimpanki yote inawadai urithi. Mwaka 1880 Jules Verne alitoa riwaya yenye tembo wa chuma anayeendeshwa kwa mvuke, akivuta nyumba mbili za magurudumu kukatiza India miaka michache baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Mwaka 1895 akatoa nyingine kuhusu kisiwa kilichoundwa na binadamu, kinachosukumwa na mitambo kuvuka Pasifiki kikiwa kimebeba matajiri watupu, ambacho hatimaye kinavunjika kwa sababu pande mbili za wakazi wake zimeshindwa kukubaliana kielekee wapi.

Tazama kwamba katika visa vyote viwili starehe ya wasafiri inategemea kutoshuka. Tembo wa mvuke anapita katikati ya nchi iliyotoka kumwaga damu, na abiria wake wanaitazama kutoka barazani. Reeve amechukua baraza hilo akalipandisha hadi tabaka la juu la London, kisha akamteremsha mmoja wa waliokaa humo akaone kinachozungusha magurudumu. Kwa hiyo naafiki hoja ya mleta uzi juu ya Katherine kwa njia nyingine: yeye ni abiria wa Verne aliyeamua kushuka ngazi.

#4 Kurasa Chakavu (mleta uzi)

Msafiri wa Rafu, hilo la baraza limenifungulia mlango ambao sikuwa nimeuona, ahsante sana.

Kuhusu rafu, Injini Moto, sitagombana nawe, ila nitasema kwa nini ubishi wenyewe una maana kwangu. Lawama kubwa inayoelekezwa kwa stimpanki ni kwamba inapenda shaba iliyong'arishwa, kofia ndefu na meli za angani, huku ikisahau mpira ulitoka wapi, pamba ilichumwa na nani, na nani aliyekuwa anachochea makaa. Lawama hiyo ni ya haki kwa vitabu vingi. Mortal Engines inazo starehe zote za aina hiyo, tena Reeve anazifurahia waziwazi: anaandika London kama mtoto anayechora mashine, anaongeza bomba jingine, lifti nyingine, chama kingine chenye mavazi yake. Halafu anatudai malipo ya furaha hiyo. Msomaji ambaye katika sura ya kwanza ameshangilia kimoyomoyo mji wa Salthook ukinaswa, nami nilishangilia, anajikuta mbele ya safari amesimama pamoja na Tom mahali ambapo kushangilia hakuwezekani tena.

Na Tom mwenyewe anazinduka polepole kuliko nilivyokumbuka. Hata baada ya kusukumwa shimoni na shujaa wake, anaendelea kuitetea London. Anamtafutia Valentine visingizio. Anapofika Batmunkh Gompa, ngome ya wapinga miji itembeayo huko Shan Guo, anategemea kukuta washenzi, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, na anakuta watu wanaoishi vizuri juu ya ardhi isiyotikisika. Bado hata hapo moyo wake unakwenda na kurudi. Kijana akisoma anamwona Tom mzito wa kuelewa. Mtu mzima anamwona mtoto yatima ambaye mji huu, pamoja na ubaya wake wote, ndio nyumbani kwake pekee.

#5 Bi Mkubwa wa Maktaba

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini nashangaa tumefika hapa bila kumtazama Hester kwa makini. Mimi nimesoma riwaya nyingi za vijana kwa sababu ya kazi yangu, na ninajua jinsi makovu ya mashujaa wa kike yanavyoandikwa: mstari mwembamba shavuni, unaozidisha urembo. Hester wa Reeve amepoteza jicho, pua yake imebaki kigutu, na mdomo umepindishwa na kovu linaloanzia kwenye paji la uso. Mwandishi hambembelezi msomaji na hamponyi mwishoni. Filamu ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Christian Rivers na kutayarishwa na Peter Jackson, ilililegeza kovu hilo mpaka likawa la kawaida, na kwa kufanya hivyo ikapoteza jambo zito. Hester kitabuni ana ulimi mchungu na haamini wema wa mtu kwa sababu kila anayemtazama hukwepesha macho, na Tom naye alikwepesha.

Ndiyo maana uhusiano wake na Shrike unaniumiza zaidi ya mambo mengine yote humo. Maiti yenye mitambo ndiyo iliyomlea alipookotwa akiwa mtoto. Shrike hamfuati kwa chuki. Crome amemwahidi kwamba akimletea mwili wa Hester, atamfufua awe kama yeye, asiyekumbuka maumivu na asiyekufa. Na kuna wakati Hester yuko tayari kukubali. Tom anapomuua Shrike ili kumwokoa, Hester analia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kilio cha hofu iliyokwisha. Safari hii nimeona kwamba ni mtoto anayemlilia mzazi.

#6 Mwandani wa Mvuke

Nisameheni nitie chumvi kidogo kwenye sifa hizi. Ikiwa Katherine ndiye mzigo wa riwaya, kwa nini anatendewa vile mwishoni? Valentine anainua upanga ili ammalize Hester, Katherine anaruka katikati, upanga wa baba unamwingia yeye, naye anaangukia kibao cha kuiongozea MEDUSA, ile silaha ya kale iliyofichwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Silaha inavurugika, London inateketea. Yaani msichana aliyefanya upelelezi wote, aliyetengeneza bomu pamoja na Bevis, aliyewashawishi Wanahistoria wasimame, hatimaye anauangusha mji kwa kuanguka kwake tu. Naona mwandishi amemnyang'anya tendo lake na kuikabidhi bahati. Filamu, pamoja na udhaifu wake wote uliotajwa na Bi Mkubwa, angalau ilimwacha hai akawaongoza walionusurika.

Kama mnataka stimpanki inayomfuata anayelipa gharama mpaka mwisho, msome Everfair ya Nisi Shawl, iliyotoka mwaka 2016. Humo nchi mpya inanunuliwa ndani ya Kongo ya Mfalme Leopold, na waliokatwa mikono katika utawala wa uvunaji wa utomvu wa mpira wanaundiwa mikono ya mitambo. Humo waliokuwa wahanga wanajenga, wanabishana na kutawala. Hawahitaji binti wa tabaka la juu ashuke kuwaona ndipo tujue kwamba wapo.

#7 Kurasa Chakavu (mleta uzi)

Mwandani wa Mvuke, pigo lako limefika. Wafungwa wa kilindini hawana majina tunayoyakumbuka, na hilo ni pungufu la kweli la riwaya, ambalo sura za Katherine haziwezi kulifidia.

Kuhusu kifo chake, hata hivyo, naomba nibaki upande wa pili. Kitendo chake kiko wazi: amechagua kusimama kati ya baba yake na msichana asiyemfahamu, akijua kwamba Hester anasema kweli na baba yake ni muuaji. Kinachofuata baada ya hapo ni bahati, nami naona inafaa kuwa bahati. MEDUSA ni chombo ambacho hakuna hata mmoja katika London anayekielewa. Pandora Shaw, mama yake Hester, alikichimbua katika mabaki ya Marekani. Valentine alimuua ili akipate. Wahandisi wamekifungamanisha na mitambo yao wakidhani wamekitawala, na walipokijaribu mara ya kwanza waliugeuza mji mzima wa Panzerstadt-Bayreuth kuwa majivu. Mji unaotegemea chombo kama hicho unaweza kuangushwa na jambo dogo mno. Kama Katherine angefanikiwa kwa bomu lake, tungeambiwa kwamba London ilihitaji adui hodari. Ilivyo, tunaambiwa ilikuwa imekwisha kujitegea yenyewe.

Nimekumbuka jambo jingine kuhusu Valentine. Jina la riwaya limetoka katika Othello ya Shakespeare, tendo la tatu, pale mwanajeshi anapoaga fahari ya vita na kuitaja mizinga yenye koo zinazonguruma. Othello ni shujaa anayependwa na wote, naye anaishia kumuua mwanamke anayempenda. Valentine alimuua Pandora miaka mingi kabla ya sura ya kwanza, na kila fahari aliyonayo, pamoja na malezi mazuri ya Katherine, ilinunuliwa usiku ule. Nilipokuwa kijana nilimchukia kirahisi. Sasa ananitisha zaidi, kwa sababu anampenda bintiye kwa dhati na alifanya yote hayo kwa ajili yake, na upanga wake mwenyewe ndio unaomuua.

#8 Msomaji Mgeni

Nimefuatilia kimya kimya tangu mwanzo. Niliisoma hii ya kwanza tu nikaishia hapo, kwa kuona kwamba London imeteketea na kisa kimekamilika. Je, zinazofuata zina hadhi hiyohiyo, au ni kurefusha tu?

#9 Bi Mkubwa wa Maktaba

Mgeni, karibu. Endelea bila wasiwasi, ila usitarajie Hester atakuwa mtu mwema. Katika ya pili, Predator's Gold ya mwaka 2003, anamwona Tom akimbusu msichana mwingine, na kwa wivu anaruka hadi Arkangel, mji mwindaji, kuuza habari za njia unayopita Anchorage, mji mzima uliowapa hifadhi. Sijui vitabu vingi vya vijana vinavyothubutu kumpa mhusika mkuu kosa la ukubwa huo na kumwacha aishi nalo. Ya tatu, Infernal Devices ya 2005, inaanza miaka 16 baadaye, Tom na Hester wakiwa wazazi wa Wren, na humo yumo pia Theo Ngoni, rubani kijana kutoka Zagwa, nchi ya Afrika isiyotaka kabisa kujua miji ya magurudumu. Ya nne, A Darkling Plain, ilishinda tuzo ya gazeti la Guardian ya hadithi za vijana mwaka 2006.

Zipo pia zile zilizoandikwa baadaye kuhusu namna London ilivyoanza kutembea, kuanzia Fever Crumb ya 2009. Hizo zisubiri mpaka uzimalize nne za kwanza, kwa sababu zinaeleza Shrike alikuwa nani alipokuwa hai, na ukilijua hilo mapema utamsoma kwa macho tofauti katika kila ukurasa anaotokea.